Begi Jeusi la Siti Namba Kumi na Nne

Jamani, haya ninayowasimulia ni ya aibu, na kama si kwamba watu kibao Iringa walishayaona kwenye simu kabla mimi mwenyewe sijafungua mdomo, ningekufa nayo kimya kimya, hata mume wangu nisingemwambia. Lakini kwa kuwa yameshatoka, bora myasikie kwangu mimi niliyeyafanya.

Mnanijua, mimi Mama Tusa, fundi cherehani wa Ilomba hapa Mbeya. Mwaka huo nilipata kazi ya kushona majoho ya kwaya ya usharika mmoja wa Iringa, majoho kumi na nane ya zambarau yenye kola nyeupe, na Jumapili yake kwaya ilikuwa inaimba kwenye kuzindua kanisa lao jipya. Nikasema Jumamosi niyapeleke mwenyewe kwa mkono wangu, sitaki habari ya kutuma mzigo halafu nianze kuutafuta stendi kwa stendi. Nikayakunja vizuri, nikayapanga kwenye begi jeusi kubwa, nikakata tiketi siku moja kabla. Siti namba kumi na nne, dirishani. Gari linaondoka saa moja kamili asubuhi, akaniambia kijana wa ofisini, "Mama usichelewe, sisi hatumsubiri mtu."

Saa kumi na mbili na nusu niko stendi. Na mnajua baridi ya Mbeya mwezi wa saba, inaingia mpaka kwenye meno. Saa moja ikafika, gari limewashwa, linanguruma, halitembei. Saa moja na nusu, linasogea mbele hatua tano, linarudi nyuma hatua nne (ili sisi tuliokaa tuone tunaondoka, na wale wa nje wakimbilie kupanda). Saa mbili, bado. Kumbe lile neno la kutomsubiri mtu ni letu sisi abiria, wao wanasubiri hadi siti ya mwisho ijae. Basi mimi kwa baridi ile nikafanya uamuzi mmoja mdogo sana, uamuzi wa kijinga ambao ndio mama wa yote yaliyofuata: nikashuka nikanywa chai ya tangawizi. Kikombe cha kwanza. Gari halijaondoka. Kikombe cha pili. Gari halijaondoka. Nikamalizia na cha tatu, maana yule mama wa chai alikuwa ananimiminia tu tukiwa tunasengenya makonda.

Tuliondoka saa tatu kasoro.

Tulipofika Igawa chai ikaanza kudai haki yake. Nikavumilia. Nikasema Makambako watasimama. Makambako tukasimama kupakia watu, nikainuka, konda akaniona akaniwekea mkono mlangoni, "Mama, hapa hatushushi, tumechelewa." Nikamnong'oneza, "Mwanangu, nachimba dawa tu, dakika moja." Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka siti za nyuma, "Mama anataka kuchimba dawa! Vumilia mama, Mafinga hapo!" Watu wakacheka. Nikarudi kukaa, nimejifunika kitenge mpaka kichwani, na pembeni yangu kulikuwa na mzee mmoja amelala tangu Uyole, kofia usoni, hajui kinachoendelea duniani. Nawaambia, kutoka Makambako mpaka Mafinga niliyajua matuta yote ya barabara ile, kila moja kwa jina lake.

Mafinga tukaingia kwenye hoteli ile ambayo mabasi yote yanalazimika kusimama (msiniulize kwa nini hapo tu, na kwa nini sahani ya dereva ina kuku wawili). "Dakika kumi! Dakika kumi tu!" konda anapiga kelele. Nikachukua pochi na simu, begi la majoho nikaliacha chini ya siti, nikakimbia. Kufika chooni, foleni. Vyoo viwili kwa mabasi manne. Mbele yangu wanawake kama kumi na watano, mmoja na watoto watatu, kila mtoto kwa zamu yake. Ee Kyala, Mungu wangu! Nikawa nasimama mguu huu, nahamia mguu ule. Nilipotoka humo ndani mwili mwepesi lakini akili haijarudi bado, nikasikia honi, pii pii, na konda anaita, "Tunaondoka! Tunaondoka!" na gari la bluu limeshaanza kusogea. Nikapiga mbio. Nikarukia mlangoni. Sikutazama namba, sikutazama kibao cha kioo cha mbele. Ningetazama nini, gari ni la bluu, lina ule mchoro wa twiga ubavuni, ndilo langu.

Nikaenda moja kwa moja siti namba kumi na nne. Nikakuta mtu amekaa.

Alikuwa mama mwembamba, mrefu, amejifunga kanga mbili na kitambaa kichwani, ukimtazama na ukimsikia unajua ni Msukuma, wale ndugu zetu waliohamia na ng'ombe wao kule bonde la Usangu. Mzee wangu wa kofia hayupo, nikasema moyoni atakuwa ameshukia Mafinga. Na katikati ya miguu ya yule mama, begi jeusi. Kubwa. Limetuna.

"Mama samahani," nikasema (na hapo bado nilikuwa na adabu), "hiyo siti ni yangu."

"Hapana mama. Mimi nimekaa hapa tangu Igawa."

"Tangu Igawa wapi? Mimi nimekaa hapo tangu Mbeya!"

Na wenzangu, hapo wote wawili tulikuwa tunasema kweli, ila mimi ndiye niliyekuwa naisema ndani ya gari ambalo si langu. Lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilikuwa nimechelewa, nimechekwa, nimeteseka kutoka Makambako, na hasira yote niliyokuwa nimemwekea konda nikampelekea yeye. Nikanyoosha kidole, "Na hilo begi ni langu. Nimelinunua Mwanjelwa, nalijua."

Akalivuta karibu na miguu. "Hili langu."

Kitendo kile cha kulivuta ndicho kilichonimaliza. Nikapaza sauti. Nikasema, mimi kwa mdomo wangu huu, "Jamani abiria, huyu ni mwizi! Nimeshuka chooni tu, nimerudi nakuta amekalia siti yangu na begi langu!"

Gari zima likageuka. Baba mmoja mwenye koti jeusi, siti ya mbele yetu, akasimama na kusema kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao, "Hawa watu wa ng'ombe bwana, wakishapata nafasi!" Mwingine nyuma akadakia, "Afungue! Kama lake afungue tuone!" Wakaanza kuitikia, afungue, afungue. Simu zilishatoka tangu nilipoanza kupaza sauti. Nikaziona, mbili tatu zimeinuliwa juu ya vichwa vya watu. Na mimi, badala ya kuogopa ile hali, nikajiona nina jeshi.

Yule mama hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Mama, usinifanyie hivi." Nami nikainama nikaishika zipu ya begi lake nikaifungua mbele za watu.

Hakukuwa na joho hata moja. Kulikuwa na kanga zimekunjwa, dumu la maziwa mgando limezungushiwa gauni kuukuu lisimwagike, sufuria dogo, na juu kabisa madaftari matano ya shule, yamefungwa kwa uzi, na karatasi ya mwalimu imechomekwa juu. Baba wa koti akakaa chini polepole kama mtu aliyekumbuka ana jambo la kusoma.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikasema, "Basi la kwangu umelipeleka wapi?"

Konda akaja, kijana mpole, si yule wa Makambako (na hata hilo halikunishtua!). "Mama, naomba tiketi yako." Nikampa kwa kishindo. Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. "Mama, hii siyo ya gari hili. Hii ni ya gari la Dar. Sisi tunakwenda Dodoma. Magari yetu yalikuwa mawili, mama. Lenu limetangulia."

Kicheko kilichoanza pale sijawahi kukisikia, kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua juu ya mabati, na mtu mmoja akasema, "Bibi kizee umepanda gari ya watu unawaita wezi!" (Bibi kizee! Nina miaka arobaini na sita.) Nikatafuta pa kujificha. Konda akaniambia, "Si unashuka Iringa? Kaa tu hapo, siti ya pembeni imebaki wazi, abiria wake kashukia Mafinga. Tutawapigia wenzetu waangalie mzigo wako."

Hapo penyewe, siti namba kumi na tatu. Bega kwa bega na yule mama.

Kutoka Mafinga mpaka Iringa si mbali, lakini siku ile ilikuwa ndefu kama safari ya kwenda na kurudi. Nikamwambia, "Dada, nisamehe." Alikuwa anayarudisha madaftari yake mahali pake, moja baada ya jingine, ananyoosha kona zilizokunjika. Nikasema tena, "Nisamehe, nilichanganyikiwa." Akasema bila kunitazama, "Nimesikia." Basi. Akageukia dirishani.

Nikawa nafikiri, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Nilifikiri kwanza kuhusu gari langu, kwamba limeondoka bila mimi na hakuna aliyejua. Mnaujua ule utaratibu, konda anapita nusu ya gari anauliza, "Jirani yupo? Kila mtu aangalie jirani yake!" na sisi tunaitikia kama kwaya, "Yupooo, twende!" hata kama kiti kina mkoba tu. Mzee wangu wa kofia bila shaka aliitikia usingizini. Kuna ugumu gani kuwahesabu watu, wakishuka arobaini na nane wapande arobaini na nane? Kuna ugumu gani kuandika pale mlangoni, maandishi makubwa, hili la Dar, hili la Dodoma, badala ya kile kibao kilichofichwa nyuma ya maua ya plastiki na stika za mpira? Na kama gari lingeondoka saa moja kama tiketi ilivyoandikwa, au kama kungekuwa na mahali pa choo panapojulikana, watu washuke kwa amani bila kutangaziwa, mtu angefika Mafinga akiwa na akili zake. Haya yote si makubwa, hayahitaji ndege wala treni mpya. Yanataka tu abiria aonekane ni mtu, siyo siti iliyojazwa.

Lakini kila nilipomaliza kuwalaumu, nilijikuta nimerudi kwenye ile zipu. Konda hakunituma kuifungua. Foleni ya choo haikunituma. Na nilijiuliza, na sikulipenda jibu: je, kama pale dirishani angekuwa amekaa mama wa kwetu, wa Tukuyu, au mama mchungaji mwenye suti, ningeshika begi lake? Ningeuliza kwanza. Ningesema, samahani, labda tumechanganya. Yule baba wa koti alisema kwa mdomo kile ambacho mimi nilishakifanya kwa mkono.

Tulipokaribia Iringa nikajikaza nikauliza, "Unakuja kumwona nani huku?" Akasema, "Mtoto wangu. Minza. Ng'ombe alimwangusha, mguu umevunjika. Yuko hospitali ya Tosamaganga, yuko na bibi yake. Wiki ya tatu sasa." Akalipapasa begi. "Analilia shule. Mwalimu kamwandikia masomo."

Stendi nilitaka kumbebea lile dumu. Akasema, "Acha. Nabeba mwenyewe." Akashuka akaenda zake, mrefu, hakugeuka.

Begi langu nilikuta limewekwa ofisini pale stendi, majoho kumi na nane, hakuna hata kifungo kilichopungua. Nikalikumbatia, lakini wallahi sikusikia ile furaha niliyoitegemea. Na kabla sijafika kanisani, mwenyekiti wa kwaya, Baba Kihongosi, mtu wa heshima sana, akanipokea barabarani, "Kamwene mama, pole na safari." Halafu akasita, akainamia simu yake, akainua macho. "Mama Tusa, hebu nikuulize. Huyu si wewe?"

Ilikuwa mimi. Nimenyoosha kidole, kitenge kimeenda upande, mdomo wazi. Video imekatwa, wamebakiza ya mwanzoni tu, pale ninaposema huyu ni mwizi, na watu wanasema afungue. Madaftari hayapo. Konda akisoma tiketi hayupo. Na juu yake wameandika: "Mwizi wa mabegi anaswa ndani ya basi Mafinga." Uso wa yule mama unaonekana vizuri kabisa, hata kile alichoniambia unaweza kukisoma midomoni mwake.

Sikilizeni, mpaka hapo nilikuwa nasema yamekwisha, nimechekwa, nimeomba radhi, nitalala, kesho nitaamka. Nikakaa kwenye benchi la kanisa. Wanakwaya wamenizunguka wanajipima majoho, wanayasifu, "Mama, mkono wako una baraka," na mimi naiangalia ile video inazunguka. Nikawaza, kule Usangu yule mama ana ndugu wenye simu. Nikamwambia Baba Kihongosi, "Nisaidie. Hii imefika kwenye kundi gani? Nataka niseme neno na liende kote ilikokwenda hii."

Akaniuliza kwa upole, "Una hakika mama? Hapa asiyekujua hawezi kukutambua. Ukisema, kila mtu atajua ni wewe." Ni kweli, na nina wateja Iringa, nina wateja Njombe. Nilisita, siwafichi. Mmoja wa wale wamama akasema, "Achana nayo mama, wiki ijayo wataongelea lingine."

Nikaishika simu nikasema, "Mimi ni Mama Tusa, fundi wa Ilomba. Yule mama kwenye video si mwizi. Alikuwa kwenye gari lake, siti yake, na begi lake. Mimi ndiye niliyepanda gari lisilo langu nikamwita mwizi, nikafungua begi lake, nikakuta ni vitu vya mtoto mgonjwa. Ukiituma ile video, tuma na hii." Sauti ilitetemeka katikati, ikabaki hivyohivyo, sikurudia kurekodi, na Baba Kihongosi akaisambaza vilevile.

Jumapili kwaya iliimba. Majoho yaliwakaa kama wamezaliwa nayo, wakanishukuru mbele ya usharika, nikasimama, watu wakanipigia makofi, na kule nyuma nikasikia vijana wawili wanacheka, mmoja anasema, "Ndiye huyo wa kwenye basi." Basi ikawa hivyo, makofi na kicheko kwa pamoja.

Mchana nikapanda gari kwenda Tosamaganga. Nimebeba ndizi mbivu na mkate. Nikamkuta yule mama amekaa kwenye ukingo wa nje ya wodi, anachambua mchele. Aliponiona alisimamisha mikono.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwona mtoto. Na kuna kitu nataka usikie."

"Shemeji amenipigia jana kutoka Usangu," akasema. "Ananiuliza nimeiba nini. Watu kijijini wanamwuliza."

Nikatoa simu, nikamchezeshea ule ujumbe wa sauti. Akausikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Safari hii alikuwa ananitazama mimi, si simu. Ulipoisha akafuta mikono yake kwenye kanga, akatoa kisimu chake kidogo cha vibonyezo, akatafuta jina, akanipa. "Namba ya shemeji hiyo. Mtumie. Yeye ana simu kubwa."

Nikaandika namba, nikatuma palepale, akiwa amesimama juu ya bega langu anahakikisha. Tukasubiri mpaka zile alama mbili zikawa za bluu. Halafu akalibeba lile sinia la mchele, akasema, "Haya, twende ndani."

Minza ana miaka kama tisa, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti, ana macho ya kuuliza. Alizitazama ndizi, akanitazama mimi, akamwuliza mama yake, "Mama, huyu ni nani?"

Nikajiandaa, maana haki yake ilikuwa kusema chochote.

"Tulikaa naye siti moja kwenye basi," akasema mama yake, akaanza kumenya ndizi.

Hakuongeza. Hajawahi kunipigia, nami sijui kama amenisamehe au alimhurumia tu mtoto asijue. Wenzangu, nimejiapiza: hata kama nimechelewa, hata kama nimebanwa, hata kama nina haki, nitatumia macho kwanza, nitauliza kwa sauti ya chini, na neno lile nililomwita yule mama halitoki tena mdomoni mwangu kwa mtu nisiyemjua. Mkiniona stendi nimesimama mbele ya basi nimekodoa macho nasoma namba moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na konda ananisonya, msinicheke sana.